Jiji Linapopanuka, Mabonde ya Maji Yapangwe Kwanza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam huyafahamu maji kwa sura mbili. Wakati wa masika huyaona yakifunga Barabara ya Morogoro eneo la Jangwani. Wakati wa ukame husubiri zamu ya mgawo, kama ilivyokuwa Oktoba 2022 baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua. Hali hizi mbili hujadiliwa kana kwamba hazihusiani. Hata hivyo, mvua ikizidi au ikipungua, ukubwa wa madhara hutegemea sana namna ardhi inayoipokea inavyotumiwa.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni 1 limekwenda sambamba na nyumba, barabara na masoko mapya. Kila paa na kila kipande cha lami hupunguza udongo unaonyonya mvua. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini taratibu sasa hukimbilia mtoni kwa pamoja, yakibeba mchanga na taka.

Mto Msimbazi ni mfano wa wazi. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya makazi na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Kadri ujenzi ulivyosogea kuelekea vilimani, ndivyo wakazi wa bondeni walivyozidi kubeba mzigo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikalazimika kuwapatia waathirika viwanja Mabwepande. Leo, Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi unahusisha fidia kwa wakazi, upanuzi wa mto na daraja jipya la Jangwani. Hiyo ndiyo gharama ya kupanga bonde baada ya watu kujenga.

Kwa upande wa maji ya kunywa, jiji hutegemea zaidi Mto Ruvu, unaoanzia katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Misitu ya milima hiyo hupokea mvua na kuyaachia maji kidogo kidogo hadi kiangazi. Msitu unapofyekwa, maji hushuka yote kwa wakati mmoja na mto hukauka mapema. Bwawa la Kidunda, lililosanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190, litapunguza makali hayo. Lakini bwawa huhifadhi maji, halitengenezi maji. Na milima ikiachwa bila miti, tope litajaa mahali pa maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imezipa bodi za maji za mabonde jukumu la kulinda vyanzo. Ugumu uko katika wakati wa utekelezaji. Mara nyingi alama ya mita 60 hufika baada ya nyumba kusimama, na familia iliyonunua kiwanja kwa nia njema hujikuta ikiambiwa iondoke.

Kwa sababu hiyo, macho yaelekezwe pembezoni, ambako jiji linapanuka sasa: Mto Mpiji upande wa kaskazini na Mto Mzinga upande wa kusini. Huko, kingo za mito ziwekewe alama kabla ya viwanja kuuzwa, na ramani zake zibandikwe katika ofisi za mitaa ili kila mnunuzi azione.

Mwananchi naye, kabla ya kulipia kiwanja, aulize ofisi ya ardhi ya halmashauri na bodi ya bonde kuhusu mipaka ya mto. Hatua hiyo huchukua siku chache; kuhama huchukua miaka.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mkondo ukijengwa, maji yatapita ndani ya nyumba.