Chuo cha Mjambere Kisipande Cheo

Ukurasa wa kwanza wa mpango mkakati wa chuo chochote nchini Kenya naweza kuuandika hapa hapa, bure, bila kikao cha siku tatu hotelini na bila posho. Dira: kuwa kituo cha ubora kinachotambulika kimataifa katika mafunzo, utafiti na ubunifu. Dhamira: hayo hayo, kwa mistari mingi zaidi. Maadili ya msingi: uadilifu, uwajibikaji, kufanya kazi pamoja. Halafu jedwali la miraba minne, nguvu upande huu, udhaifu upande ule, fursa na vitisho chini. Badilisha jina la chuo kwenye jalada, na hati iliyoandikiwa Machakos itahamia Mombasa bila mtu kushtuka. Isome yote. Hutakuta soko la Kongowea humo. Hutakuta tuktuk, wala fundi wa friji, wala msichana aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba.

Hasira yangu ina anwani, nayo ni Mjambere. Wadi hii iko Kisauni, na Kisauni ndiyo kaunti ndogo yenye watu wengi kuliko zote Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 huku; Mvita, yaani kisiwa kizima, ilikuwa na 154,171. Sasa tafuta vyuo vikubwa vya ufundi vya mji huu viko wapi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Kenya Coast National Polytechnic iko Kizingo. Vyote kisiwani. Kijana wa Mjambere avuke daraja la Nyali, ashuke, apande tena, alipe nauli ya kwenda na kurudi siku tano kwa wiki, ndipo aguse mashine. Wengi hawafiki, na si kwa uvivu.

Kwa hiyo wazo la chuo cha jamii Mjambere naliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachokataa ni ile kasumba kwamba chuo kinachokua ni chuo kinachobadilisha bango la langoni. Chuo cha Mjambere kipangwe kikae chini. Kama kitaanza kwa kuwahudumia watu wanaokifikia kwa miguu, basi mpango wake wa miaka mitano, na wa miaka ishirini, uwe ni kuendelea kuwahudumia hao hao, vizuri zaidi kila mwaka.

Yaliyotokea hapa hapa mjini yanatosha kutufunza. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni walichangia kuanzishwa kwa Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME kwa kifupi, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa Mkenya yeyote na jina likawa Mombasa Technical Institute. Hatua hiyo ilikuwa ya haki na sina neno nayo. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Majoho, vigelegele, hotuba. Stashahada bado zinafundishwa pale, sikatai, lakini chuo kikuu hupimwa kwa shahada zake, maprofesa wake na tafiti zake, na macho ya wakubwa huenda kunakopimwa. Kisha mwaka 2016 ile Mombasa Technical Training Institute ya Kizingo nayo ikapandishwa kuwa Kenya Coast National Polytechnic. Na nafasi yake chini ikajazwa na nani? Ni ngazi ambayo kila baada ya miaka tunang'oa kipago cha chini na kukipigilia juu, kisha tunawashangaa walio chini kwa nini hawapandi.

Hata vyuo vya vijiji havikusalimika. Wazo la vyuo hivyo lilitokana na ripoti ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya mwaka 1966, iliyouliza wanaomaliza shule ya msingi waelekee wapi. Jibu lilikuwa rahisi kwa makusudi: banda la bei nafuu, fundi wa hapo hapo, ujuzi unaonunulika hapo hapo. Kidogo kidogo mitihani ikaingia, mtaala wa nchi nzima ukaingia, jina likatoka chuo cha kijiji likawa chuo cha vijana, na sasa kituo cha mafunzo ya ufundi. Cheti si kitu kibaya. Ulizeni waliokosa kazi kwa kutokuwa nacho. Ila useremala wa mtaala mmoja ni ule ule Busia na ule ule Bamburi, hata kama huku mteja anataka kitanda cha kamba, mlango wa nakshi, au meza ya hoteli isiyofumuka kwa chumvi ya bahari.

Serikali yenyewe ilishatuonyesha inavyomthamini mwanafunzi wa chini. Ruzuku ya vituo hivyo, ambavyo sasa viko chini ya kaunti, ilipoanza mwaka wa fedha wa 2017/18, kila mwanafunzi alipigiwa hesabu ya shilingi 15,000 kwa mwaka. Ya wenzao wa taasisi za serikali kuu ilipokuja, ikawa 30,000. Nusu! Kana kwamba mwenye duka la vyuma atakupunguzia bei ukimwambia umetoka chuo cha kaunti.

Jambo ambalo washauri wenye kompyuta hawalioni ni kwamba Kisauni tayari ina chuo kisicho na bango. Kiko kando ya lami, chini ya mabati, mlangoni mwa duka la vipuri. Kijana anapelekwa na mamake kwa fundi wa magari. Anaanza kwa kufagia, kuchota maji, kumnunulia fundi chai na mahamri. Mwaka wa pili anapokea spana. Mwaka wa tatu anaachiwa breki za tuktuk peke yake. Hakuna karo wala sare, na hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya kumkaribisha. Vivyo hivyo kwa mshonaji wa madera, kwa mchomeleaji wa mageti, kwa fundi wa AC anayeitwa na hoteli za Shanzu msimu wa wageni ukikaribia. Huu ndio mfumo wa mafunzo unaobeba Mombasa bara, na haumo katika mpango mkakati hata mmoja ila kwa jina la kejeli, "sekta isiyo rasmi".

Msinielewe vibaya, simpambi fundi. Namjua. Anachomelea bila miwani na mwanafunzi wake anachomelea bila miwani. Anafungulia gesi ya friji hewani kwa sababu mashine ya kuinasa ni ghali. Anaunga umeme bila waya wa ardhini, nyumba ikiungua anasema ni qadar. Anajua kutengeneza lakini hajui kukadiria bei, kwa hiyo kazi ya siku tatu anaitoza ya siku moja. Zabuni ya kaunti ya madawati inampita kwa sababu hana kampuni iliyosajiliwa wala cheti cha kodi. Na yule spanaboi wake? Akitaka kuhamia gereji kubwa ataulizwa gredi ngapi, na jibu lake ni kuangalia chini.

Hapo ndipo chuo cha jamii kina kazi, na kazi hiyo haihitaji maprofesa. Kimpokee fundi jioni, baada ya kufunga kibanda, kimfundishe kusoma mchoro wa umeme, kunasa gesi na kuandika hesabu. Kimpokee mwanafunzi wake siku mbili kwa wiki, siku nyingine abaki kwa fundi anakojifunza kwa mikono. Kenya ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti kinachotambulika. Chuo kiwe mahali pa kupimiwa, pale pale mtaani. Na mafundi watano, kumi, wakae kwenye bodi ya chuo wakiwa na kura. Nimechoka na bodi ambazo fundi huitwa siku ya kupigwa picha.

Atakayesema haiwezekani mtu ajifunze huku anachuma, aende Bombolulu, hatua chache kutoka huku. Tangu 1969 watu wenye ulemavu walishona, walichonga, walitengeneza mapambo, mikoba ya ngozi na viti vya magurudumu, wakalipwa kwa kazi zao. Mahali hapo palipangwa kwa kuanzia na mtu aliyepo, na viungo alivyonavyo, na soko linalofikika. Hakuna aliyengoja kwanza pawe chuo kikuu.

Lipo jambo jingine ambalo wapangaji wetu hulipita kama hawalioni. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaorodhesha majukumu ya kaunti. Kipengele cha tisa kinataja pamoja, kwa pumzi moja, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto. Waliokiandika walikusudia au bahati tu, sijali. Kaunti imepewa chuo na chumba cha watoto mkono mmoja. Basi kwa nini huvioni penye lango moja? Mama wa miaka 19 anayetaka kusomea umeme ana tatizo moja kubwa kuliko karo: mtoto abaki na nani? Tanzania wamelishughulikia hili katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa wazo ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa Skandinavia. Miaka ya karibuni baadhi ya vyuo hivyo vimewapokea wasichana waliokatizwa masomo na mimba, waje na watoto wao, mtoto alelewe hatua chache kutoka mamake anaposomea useremala au uashi. Si muujiza. Ni chumba, mikeka, uji na mlezi anayelipwa mshahara. Ramani ya chuo cha Mjambere isiyo na chumba hicho imewafukuza wasichana kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Na tafadhali, mpango usiandikwe kwa lugha ya polisi. Tangu magenge ya mapanga yaanze kutusumbua Kisauni, kila mradi wa vijana lazima uanze na aya ya usalama: kuwaondoa mitaani, kuzuia misimamo mikali, kupunguza uhalifu. Wafadhili huipenda aya hiyo. Lakini kijana anayekuja kusomea mabomba hakuja kutubu. Ukimsajili kama mshukiwa atasoma kama mshukiwa, na mwajiri wa Nyali atamwajiri kama mshukiwa, yaani hatamwajiri.

Najua nitakachoambiwa. "Wewe watoto wako wako chuo kikuu, wetu unataka wabaki na spana?" Ni swali zuri na linaumiza, kwa sababu Wapwani tumeambiwa mara nyingi mno tutosheke na kidogo. Jibu langu ni kwamba kukaa chini si kukaa duni. Chuo cha wadi kiwe na mashine mpya kuliko za chuo kikuu, maana wanaoingia hawana nyumbani pa kufanyia mazoezi. Mwalimu wake alipwe vizuri, ama sivyo hoteli itamchukua. Anayetaka kuendelea hadi Kizingo au Tudor, masomo yake yahesabiwe, asirudishwe mwanzo. Mtu ndiye apande. Chuo kibaki pale pale kumpokea mdogo wake.

Fedha? Zipo njia. Sheria inamtaka mwajiri atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Hoteli za Bamburi na Shanzu, kiwanda cha saruji, maghala ya Changamwe, wote wanahusika. Fedha hizo zimekusudiwa mafunzo. Mpango wenye akili ungemweka mtu mmoja ofisini, kazi yake iwe kuzungumza na waajiri hao na kuhakikisha mafunzo ya watu wao yanafanyika Mjambere. Badala yake tunasubiri mfadhili, na mfadhili akija anajenga jengo, kwa sababu jengo lina utepe wa kukatwa. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kuzindua mshahara wa mwalimu.

Mombasa haina upungufu wa mipango. Tuna Dira ya 2035. Tuna mpango mkuu wa mji ulioandaliwa kwa msaada wa Wajapani. Tuna mipango jumuishi ya kaunti, wa 2013 hadi 2017, wa 2018 hadi 2022, na wa sasa unaoishia 2027. Unaofuata utaandikwa na watu tutakaowachagua Agosti mwaka huo huo. Lakini hatuna haja ya kungoja. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia Septemba mosi, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na umma lazima uitwe kutoa maoni.

Siku ya kutoa maoni hayo mafundi wa Mjambere wafunge vibanda asubuhi moja waende. Wasiende kupongeza. Wamuulize mwakilishi wadi: pesa za vifaa vya mazoezi ziko mstari gani wa bajeti, na zitatoka kila muhula au mara moja tu? Walimu wangapi wameajiriwa kwa kudumu na wangapi ni vibarua? Chumba cha watoto kiko wapi kwenye ramani? Nani kati yetu yumo kwenye bodi? Wakijibiwa kwamba hayo yatashughulikiwa jengo likishakamilika, wainuke, na wakatae kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio inayopitishwa mlangoni, maana karatasi hiyo ndiyo itakayopelekwa mbele kama ushahidi kwamba Mjambere ilishirikishwa.