Babu alipoacha kutazama runinga nasi

Leo naomba tuingie nyuma ya runinga, kwenye lile vumbi na zile waya ambazo kina mama wengi tunazigusa siku ya usafi tu. Nina sababu ya kukupeleka huko.

Baba mkwe wangu alihamia kwetu baada ya kufiwa na mama. Siku za mwanzo, ikikaribia saa mbili usiku, alikuwa wa kwanza kukaa sebuleni kusubiri taarifa ya habari. Polepole akaanza kuaga mapema. Chakula kikishaliwa tu, anachukua redio yake ndogo, anaingia chumbani na kuibana sikioni. Wanangu wakaniuliza, "Mama, babu ametuchoka?" Mimi nami nikaanza kujihoji kama kuna neno nililomkosea.

Jioni moja nikamfuata, nikamuuliza. Akacheka kidogo, akasema, "Hakuna ubaya, mwanangu. Naona midomo inacheza tu. Kila siku kuwaambia watoto waongeze sauti, naona aibu."

Maneno yale yaliniingia. Runinga zetu za siku hizi ni nyembamba, spika zake ndogo zimefichwa chini au nyuma, sauti inapiga ukutani badala ya kumfuata mtu alipokaa. Mwenye masikio mazuri anavumilia. Mzee anabaki kutazama midomo.

Mume wangu alipopata fedha kidogo akanunua homu thieta: mashine inayocheza DVD, spika tano na sabufa. Fundi akaja, akaunga, akaweka sinema, nyumba ikatikisika. Akalipwa, akaondoka. Usiku taarifa ya habari ilipoanza, mashine kimya. Sauti inatoka kwenye runinga kama jana. Mume wangu akasema tumeuziwa mali mbovu, mimi nikasema fedha ya ada imekwenda na maji, tukalala tumenuniana. Asubuhi babu akatuambia kwa upole kwamba anafikiria kurudi kijijini, asije akatugombanisha.

Hapo ndipo nilipochukua tochi.

Mashine ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa tundu moja. Runinga yetu ina matundu matatu ya HDMI, na kwa macho yote yanafanana. Lakini moja tu limeandikwa ARC pembeni. Matundu mengine yanaingiza picha na sauti kwenye runinga, basi. Lile la ARC linaweza pia kurudisha sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye mashine ya spika, kwa waya ule ule. Fundi alichomeka tundu la kwanza. Ndiyo maana DVD ilisikika, kwa sababu sauti yake inaanzia ndani ya mashine yenyewe. Sauti ya king'amuzi ilikuwa inaingia kwenye runinga na kukosa njia ya kutokea.

Kama nawe umekwama hapo, fuata hatua hizi. Kwanza zima vyote na uchomoe kwenye umeme. Hamishia waya wa homu thieta kwenye tundu la ARC. Kama king'amuzi ndicho kilichokaa hapo, kihamishie tundu lingine. Hakikisha na tundu la upande wa mashine limeandikwa ARC. Washa. Kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, chagua sauti itoke spika za nje. Kisha washa kile kipengele kinachoviwezesha vyombo vya HDMI kuwasiliana. Samsung wanakiita Anynet+, LG wanakiita Simplink, Sony wanakiita Bravia Sync. Mwisho, kwa rimoti ya homu thieta, chagua isikilize runinga badala ya DVD.

Ukiona bado kimya, au sauti inakwaruza, rudi kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na uchague PCM. Hiyo ni sauti ya kawaida ambayo karibu kila mashine inaielewa, hata ya zamani.

Runinga au mashine yako haina ARC? Usikate tamaa. Tafuta tundu dogo la mraba lenye mwanga mwekundu, lililoandikwa OPTICAL. Waya wake unapitisha sauti kwa mwanga, hivyo usiukunje kwa nguvu, na kumbuka kuvua vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Hata hilo likikosekana, zipo waya za kawaida nyekundu na nyeupe. Zitoe kwenye AUDIO OUT ya runinga, ziingize kwenye AUX IN ya mashine au sabufa. Wengi wanaunga IN kwa IN, kisha wanalaumu duka. Bluetooth iwe njia ya mwisho, kwani mara nyingi sauti huchelewa, mtangazaji akawa amefunga mdomo na maneno bado yanakuja.

Basi, siku ile sauti ikatoka. Nikamwita babu kwa furaha. Akakaa dakika kumi, akaniambia, "Naona ngoma nasikia, maneno bado."

Hapo nikajifunza jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la waya. Umri mara nyingi hauchukui sauti zote sawasawa. Zinatangulia kupotea zile nyembamba, kama "s", "f" na "sh", ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Besi mzee anaisikia vizuri tu. Kwa hiyo ukiongeza sabufa unamfunikia maneno zaidi, na jirani naye unamkosesha usingizi.

Nikapunguza sabufa hadi karibu na mwisho. Kisha nikasogeza sikio kwenye spika ya katikati, ile inayowekwa chini ya runinga, nikakuta haitoi kitu. Kazi yake kubwa ni maneno ya watu. Sauti ya PCM tuliyochagua ilikuwa ya spika mbili, kulia na kushoto, na ya katikati ikaachwa. Mashine yetu ina kitufe cha Pro Logic kinachoigawa sauti hiyo hadi katikati. Nikakibonyeza, nikaipandisha ile spika peke yake hatua chache, na kiti cha babu nikakisogeza mbele yake.

Msomaji wangu, usiishie kwenye spika. Tulimpeleka babu kwa daktari wa masikio, sikio moja likakutwa limezibwa na nta. Ilitolewa kitaalamu. Usimchokonoe mzee wako kwa kijiti cha pamba, maana mara nyingi kinaisukuma nta ndani zaidi. Na kwa watoto, weka mpaka: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja inabidi umpazie sauti ndipo akusikie, punguza.

Tungeweza kufanya haya mapema, hata kabla ya kununua chochote, kama tungemuuliza babu wiki ya kwanza alipoanza kuaga mapema. Mzee akijitenga, usikimbilie kusema ana kisirani au uzee umemwingia. Muulize anasikia nini.

Juzi mtangazaji alikosea kutaja jina la kijiji cha kwao. Babu akamsahihisha kwa sauti mpaka wanangu wakavunjika mbavu. Habari za kurudi kijijini hazijasikika tena, na rimoti sasa anaishika yeye.