Kipimo Kikisema Hapana

Neno "homa" kwetu lina matatizo yake. Mtu akikwambia ana homa, humuulizi joto limefika ngapi. Unamuuliza kama ameshaanza mseto. Yaani lugha yenyewe imeshatoa majibu kabla ya daktari. Kwa mwanafunzi wa miaka 22 mchezo huu mara nyingi unaishia kwenye hasara ya hela ya bumu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu unaweza kuishia pabaya, ndiyo maana nataka tuongee kuhusu kile kipande cha plastiki kinachoitwa kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, ambacho kila mtu anakikubali mpaka siku kinapomkatalia.

Kazi yake si ngumu. Tone la damu kutoka kidoleni, matone machache ya kimiminika chake, unasubiri dakika 15 hadi 20 kutegemea aina, unasoma mistari. Miwili, malaria ipo. Mmoja wa kidhibiti, haikuonekana. Wa kidhibiti usipotokea, kipimo hicho ni kibovu, chukua kingine. Hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoitoa kwenye damu, na hakihitaji umeme wala hadubini. Ndiyo maana kimefika hadi zahanati ambazo barabara ya lami haijafika.

Zamani haikuwa hivi. Mpaka 2010, kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mwongozo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa mfupi: ana homa, mtibu malaria. Tusiwacheke waliouandika. Hadubini zilikuwa chache, dawa ilikuwa rahisi, na malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili. Mwaka 2009 wataalamu walibishana waziwazi kwenye jarida la PLoS Medicine. Valérie D'Acremont na wenzake, waliokuwa wanafanya kazi Dar es Salaam, walisema wakati wa kutibu kwa kukisia umekwisha. Mike English wa Kenya na wenzake wakajibu kwamba tunaharakisha, mifumo yetu ya afya haijawa tayari. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaamua: kila anayeshukiwa apimwe kwanza, watoto wadogo wakiwemo. Tanzania tukaenda huko.

Mimi naona D'Acremont alikuwa sahihi. Ila hofu ya upande wa pili hatujaijibu mpaka leo: mtoto ambaye kipimo kimesema hana malaria, tunamfanyia nini?

Hebu tuangalie namba. Mwaka 2014 kundi hilohilo la D'Acremont lilichapisha utafiti wa watoto 1,005 waliofika kliniki na homa, Dar es Salaam na Ifakara, wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 10. Walipimwa karibu kila kitu kinachopimika. Malaria ilikutwa kwa kama asilimia 10 ya watoto hao. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62, mengi yakiwa ya virusi. Watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hauponi kwa mseto wala kwa amoksilini.

Na hapa nina neno na wale wa "kama siyo malaria basi ni UTI". Unajua wimbo wenyewe: malaria ikikataa ni UTI, UTI ikikataa ni taifodi, na zote zikikataa unapewa dawa za zote tatu kwa usalama. Katika utafiti ule UTI ilikuwa kama asilimia 6 na taifodi kama 4. Zipo, tena UTI kwa mtoto mdogo si ya kupuuza, ila haziwezi kuwa jibu la kila mtoto anayekatika usingizi kwa joto.

Tabia ya kutoamini kipimo ina historia ndefu. Utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliotoka 2007, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hivyohivyo. Sasa kipimo cha nini? Baadaye hali ilibadilika, na pale Dar es Salaam matumizi ya mseto yalishuka sana vipimo vilipoingia. Lakini antibaiotiki zikapanda. Tulitoa kisio moja tukaweka lingine. Usugu wa dawa, ambao tunaufanyia semina kila semista, unalishwa na dirisha hilohilo.

Tusimtupie lawama mama. Amepanda bodaboda, amekaa foleni tangu asubuhi, mtoto anaungua mgongoni. Anaambiwa "hana malaria", anapewa parasetamo, haya, nenda. Kuambiwa mtoto hana malaria si kuambiwa ana nini. Akipita duka la dawa njiani akanunua mseto, mimi namwelewa. Hakuna aliyempa maelezo mengine ya kushika.

Jambo hili pia halifanani nchi nzima. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kigoma, wakati Arusha na Kilimanjaro ilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo Moshi, mstari mmoja ndiyo jibu la kawaida kabisa. Kigoma tatizo linageuka: mtoto anaweza kuonyesha mistari miwili, vimelea anavyo kweli, na bado kinachomuumiza leo ni nimonia. Huyo apewe mseto, na kifua chake kiangaliwe. Halafu ile protini hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo mtoto aliyemaliza dozi juzijuzi anaweza kuonyesha mistari miwili bila ugonjwa mpya. Hapo hadubini inahitajika.

Najua kuna atakayesema mRDT hukosea. Ndiyo, hukosea. Vikikaa kwenye joto kali huharibika, vimelea vikiwa vichache sana huweza kuvikosa, na Eritrea ilibidi wabadilishe aina ya kipimo mwaka 2016 kwa sababu vimelea vya huko vingi havikuwa na jeni la kutengeneza protini inayotafutwa. Basi homa ikiendelea mtoto arudi apimwe tena. Hiyo ni tofauti kabisa na kumeza mseto kwa hisia.

Kwa nini naandika hapa na siyo kwenye ubao wa kitivo cha tiba? Kwa sababu simu hazichagui kozi. Dada atakupigia saa nne usiku kwamba mtoto amechemka, na wewe unasoma Uhasibu, lakini si uko chuo bwana, utakuwa unajua. Na wenzetu wa famasia na uuguzi, ninyi ndiyo mtakaosimama kwenye lile dirisha. Zahanati niliyofanyia fildi ilikuwa na maboksi ya mRDT hadi juu ya kabati. Saa ya kuhesabia pumzi za mtoto haikuwepo hata moja, na sikuona anayeiulizia.

Sasa dada akipiga, mwambie hivi. Kama mtoto hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usiku huohuo aende hospitali, kipimo kiseme kisemavyo. Kama hana dalili hizo, asubuhi apimwe malaria. Na hata sasa hivi, kama anakohoa au anapumua kwa shida, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, amfunue kifua, ashike simu, ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Akifikisha hapo nimonia inashukiwa, na anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya hata kama kipimo cha malaria kina mistari miwili. Kifua kikiwa kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, asisubiri asubuhi.