Anayeshuka kwenye baiskeli mlimani si mvivu

Kuna tabia ya vijana wa Bunia ambayo inapaswa kuisha. Mtu anapandisha kuelekea Mudzipela na baiskeli yake, nyuma amefunga gunia la makala au mabidoni ya maji. Katikati ya mlima miguu inakataa, anashuka, anaanza kusukuma. Hapo walioketi kando ya barabara wanaanza kelele. Wanamwambia amezeeka, akale sombe kwanza ndipo arudi. Yeye hajibu, maana pumzi ya kujibu hana.

Kicheko hicho ni cha watu ambao hawajafanya hesabu ya mlima. Baiskeli nyingi za Bunia ni zile nzito za chuma, za gia moja. Kwa kawaida duara la mbele linakuwa na meno kama 44 na lile la nyuma 18. Maana yake, kila mara pedali inapozunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli inasonga zaidi ya mita tano. Akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa miguu, atakuwa anakwenda kama kilomita 19 kwa saa. Nani atapandisha gunia la makala kwa kilomita 19 kwa saa? Hata wale wa Ulaya hawawezi. Akitaka kwenda polepole kama mtembea kwa miguu, kilomita 5 kwa saa, pedali itazunguka mara 15 au 16 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa kazi ya goti zima na mgongo mzima. Kwa hiyo kushuka na kusukuma si uvivu. Baiskeli yake haina gia ya pili, gia ya pili ni miguu yake chini.

Sasa tazama baiskeli ya milimani yenye duara dogo la mbele la meno 22 na la nyuma la meno 34. Pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasonga chini ya mita moja na nusu. Mtu yule yule, mlima ule ule, anazungusha mara 60 kwa dakika na anapanda taratibu kwa mwendo wa kutembea, ameketi, anapumua. Nguvu zake hazikuongezeka. Kilichobadilika ni chuma.

Haya yanafaa kusemwa wakati huu kwa sababu mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na yalifanyika Kigali, si mbali na hapa. Siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba, wanaume walikimbia kilomita 267.5. Ukijumlisha milima yote waliyopanda siku hiyo, inafika mita 5,475 kwenda juu. Mkaaji wa Bunia anaweza kuielewa namba hiyo hivi: Ziwa Albert liko kwenye kimo cha mita 619 hivi, na Bunia iko karibu mita 1,275. Kutoka Kasenyi hadi kimo cha Bunia ni zaidi ya mita 600 za kupanda. Wale watu walifanya kitu kama kupanda kutoka Kasenyi mara nane kwa siku moja. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote, mabingwa wanaolipwa kwa kazi hiyo, walishindwa na milima. Hakuna aliyewaambia wakale sombe.

Tena walikuwa kwenye baiskeli nyepesi. Sheria ya mchezo huo inasema baiskeli isiwe chini ya kilo 6.8, na matajiri hutumia pesa nyingi ili yao isizidi hapo sana. Baiskeli ya chuma ya Bunia inafika kilo 20 hivi kabla ya kufunga chochote. Weka juu yake gunia, weka bidoni mbili za lita 20, na mara nyingi mtoto juu ya bidoni. Anayepandisha mzigo huo ni mwanamichezo, hata kama hana kofia ya kinga wala jina gazetini.

Kigali ni neno linalochoma masikio ya wengi Ituri, na hasira hiyo ina sababu zake. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi uliofuata Bunge la Ulaya liliomba mashindano hayo yafutwe kama Rwanda haitabadilisha mwenendo wake, na wakati wa Tour du Rwanda kuna timu ya Ulaya iliyoamua kutokwenda kwa sababu za usalama. Wakuu wa mchezo wakaendelea na mpango wao. Mtu aliyekimbia vita ana haki ya kuzima redio anaposikia habari za sherehe hizo. Lakini milima haina siasa. Miaka ishirini hivi iliyopita, timu ya baiskeli ya Rwanda ilianza kujengwa na vijana ambao baadhi yao walikuwa wakibeba abiria na mizigo kwa baiskeli ili wapate chakula cha jioni. Miguu ilikuwa tayari imefundishwa na kazi. Mmoja wa timu hiyo, Adrien Niyonshuti, alifika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Ituri ina miguu kama hiyo, na ina mingi.

Anayekataa mfano wa Kigali achukue wa Asmara. Biniam Girmay wa Eritrea alikulia katika mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, nchi ambayo inapenda baiskeli kama Kongo inavyopenda mpira. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Au achukue wa Kenya, ambao labda unafaa Bunia kuliko yote. Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, David Kinjah ana klabu yake, Safari Simbaz. Vijana wanakuja kwake, wanafundishwa kuendesha, na wanafundishwa pia kutengeneza baiskeli kwa mikono yao. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alianza kufuatana naye akiwa mtoto. Kinjah hakungojea uwanja wala bajeti ya wizara.

Kazi ya fundi ndiyo kitu kinachosahauliwa Bunia. Familia zilizokimbia kutoka Djugu, Irumu na Mahagi, wale wa Kigonze na wale waliopangiwa vyumba na jamaa mjini, wengi walitoka vijiji vya milima. Baiskeli ilikuwa shamba la pili. Ilipeleka muhogo sokoni, ilipeleka mgonjwa kituo cha afya, na siku ya kukimbia ilibeba bibi, godoro na sufuria. Wengine waliiacha njiani ili wakimbie haraka. Waliofika nayo leo wanaiona imelala kando ya hema bila mpira wa ndani, cheni imeshika kutu. Maturubai yanagawiwa, unga na maharagwe vinagawiwa, na ni vizuri. Lakini cheni mpya, mipira miwili na kibandiko vingempa baba au mama njia ya kutafuta unga mwenyewe. Ni ajabu kwamba jambo rahisi hivyo halisikiki kwenye mikutano, wakati kila mmoja anayekwenda kwenye mikutano hiyo amepita karibu na baiskeli hizo.

Halafu kuna barieri. Mwenye baiskeli anafika, anaombwa kitu. Hakuna risiti. Anafika barieri nyingine, anaombwa tena. Mwenye lori analipa na kuongeza bei ya bidhaa. Mwenye baiskeli haongezi kitu, analipa kwa chakula cha watoto wake. Kama kuna ushuru halali wa baiskeli, na ubandikwe ukutani na risiti itolewe. Kama haupo, basi kinachochukuliwa ni jasho la mlima, na waliopewa madaraka ya jimbo tangu Mei 2021 wanaweza kulisimamisha jambo hilo kwa amri moja.

Wasichana nao. Bunia inakubali msichana asukume baiskeli yenye bidoni mbili, lakini akiipanda, macho yote yanamfuata na mashangazi wanaanza mahubiri. Kaka yake anapanda, yeye anasukuma. Kigali wanawake walikuwa na mbio zao, na wasichana walio chini ya miaka 23 walipewa mbio yao peke yao kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo. Mtu akisema mwili wa mwanamke haufai mlima, aende mapema asubuhi kwenye barabara za kuingia mjini ahesabu wanawake wanaobeba kuni mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mlima wanaujua. Kinachokosekana ni tandiko.

Kwa wale wanaotaka kupanda kwa ajili ya afya au mchezo, na wapo, walimu, mafundi, vijana wa vyuo wanaotoka Jumapili kabla ya misa, wanaofanya mchezo huu kwa miaka wanasema mambo machache ya busara. Kosa la kwanza la anayeanza ni kushambulia mlima chini, wakati miguu bado ina furaha. Mita mia za kwanza ziende polepole kuliko moyo unavyotaka. Kipimo ni sauti: ukiweza kusema sentensi fupi bado uko sawa, ukishindwa kumaliza maneno matatu punguza. Kaa kwenye tandiko sehemu kubwa ya njia, simama juu ya pedali kwa muda mfupi tu mahali palipo pakali, maana kusimama kunakula pumzi. Mwenye gia abadilishe kabla ya mlima kukaza, si wakati cheni tayari inalia. Tandiko lililo chini sana, kama yalivyo mengi Bunia, linaua magoti: ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Na kula kabla hujasikia njaa. Ndizi mbili na maji yenye sukari na chumvi kidogo vinatosha kwa njia za karibu.

Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakovunja mifupa. Baiskeli yenye mzigo mzito ikishika mwendo, breki za fito haziwezi kuirudisha, na wengi wanaweka kiatu kwenye gurudumu, njia ambayo inafanya kazi hadi siku isipofanya kazi. Mwendo unatakiwa kukatwa tangu juu, kabla mteremko haujakamata baiskeli. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unakuwa sabuni na mifereji iliyochimbwa na maji inajificha chini ya matope. Siku hiyo hakuna aibu kushuka kwa miguu pia. Wenye pikipiki, ambao wanapita wakipiga honi kana kwamba barabara ni ya baba yao, wangesaidia kwa kuacha nafasi ya mkono mmoja tu.

Linalobaki ni kuomba mbio. Si mbio ya kwenda Bogoro wala Kasenyi, ingawa njia hiyo ina mlima wa kutosha kumnyamazisha yeyote. Usalama wa barabara zinazotoka mjini si wa kuchezea, na hakuna kombe linalolingana na maisha ya mtoto wa mtu. Mbio ya ndani ya mji, Jumapili asubuhi, barabara moja ifungwe kwa saa mbili, mwanzo chini mjini, mwisho juu Mudzipela. Makanisa na misikiti wapange saa pamoja ili mtu asichague kati ya sala na mchezo. Vijana wa kata zote, na wale wa kambi za waliohamishwa wasiandikwe kama wageni waalikwa bali kama washindani. Kundi la baiskeli zenye gia, kundi la wasichana, na kundi kubwa kuliko yote: baiskeli za chuma za gia moja, kila moja na mfuko wa mchanga wa kilo 50 nyuma, kusukuma kunaruhusiwa.

Zawadi isiwe bahasha ya picha na hotuba ndefu. Mshindi apewe mipira miwili ya nje, miwili ya ndani, cheni na pampu. Wa pili hivyo hivyo, bila pampu.