HAFU SHAFTI IKIKATIKA, ALIPE NANI?



Matajiri wenye malori ya kubeba udongo, mawe na mchanga hapa Nairobi wameanza tena kuzungumza juu ya difu. Kila msimu wa mvua huwa hivyo. Huyu asema atabadilisha krauni na pinioni. Yule asema atanunua difu ya mtumba Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wetu bado huiita Grogan. Mwingine amekwisha kumwita fundi wa jua kali aje na mtambo wake wa kuchomelea. Kutengeneza difu ya nyuma ili lori lishike barabara ni jambo jema, wala chama hakilipingi. Tunalopinga ni kwamba katika mazungumzo hayo yote dereva haulizwi hata neno moja, na difu ikivunjika ndiye peke yake anayekumbukwa, siku ya mshahara.

Msimamo wetu ni huu. Lori linalopelekwa matopeni liwe na difu inayofungwa na kufunguliwa na dereva mwenyewe akiwa kitini, yaani difu loku ya kweli. Na tajiri asiyetaka kuiweka asimkate mtu hata senti moja kwa ajili ya hafu shafti iliyokatikia matopeni.

Anayeiona Nairobi kutoka dirisha la afisi hawezi kujua taabu iko wapi. Katikati ya mji ni lami tupu. Kazi yenyewe iko magharibi: Kileleshwa, Lavington, Kangemi, Kawangware, Dagoretti, Uthiru. Huko nchi imekatwa na mabonde ya mto Nairobi, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka unapanda. Udongo ni ule mwekundu. Ukikauka ni tofali, ukinyeshewa ni sabuni. Tena palipokuwa na nyumba moja na bustani yake sasa panajengwa ghorofa, na chini ya ghorofa lazima lichimbwe shimo la kuwekea motokaa. Basi lori hushuka shimoni likiwa tupu, na hupanda likiwa limejaa, juu ya njia ya udongo iliyokatwa jana na ambayo itafukiwa kesho. Hakuna mhandisi aliyeipima njia hiyo. Mwenye kuipima ni dereva, kwa roho yake.

Sasa tuseme difu yenyewe, kwa sababu wapo wanaoizungumzia kila siku bila kujua ifanyalo. Lori likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Ikiwa kati ya tairi za kushoto na za kulia pana mita 1.8, basi katika kona moja ya kawaida, kama ile ya kutoka barabara hii na kuingia ile inayoikata, gurudumu la nje huenda karibu mita 2.8 zaidi ya mwenzake. Kwa ajili hiyo Wafaransa walibuni difu toka miaka ya 1820, kabla ya petroli: iyaache magurudumu mawili yaende mbio tofauti huku yote yanavutwa.

Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu la kushoto likiwa juu ya matope na likashika kidogo tu, la kulia nalo lililosimama juu ya kokoto kavu litapewa kidogo hicho hicho. La kushoto litazunguka kama pia, la kulia litasimama kama mgeni. Huo ni usawa wa namna yake: mwenye nguvu hupewa kadiri ya aliyelala. Ndipo dereva anapoambiwa “ongeza mafuta.” Akiongeza, yale meno madogo ndani ya difu, yanayoitwa spaida, huzunguka upesi mno kuliko yalivyotengenezewa, oili hukimbia, chuma hula chuma. Na tairi inayozunguka hivyo ikigusa ghafula jiwe au udongo mkavu, mshindo wote huingia katika hafu shafti. Hapo ndipo inapokatika. Haikukatwa na uvivu wa dereva wala ujeuri wake.

Tuangalie dawa zinazouzwa, maana si zote ni dawa.

Kubadilisha krauni na pinioni ili lori liwe na nguvu ya kupanda kunafaa kwa mlima mkavu. Matopeni hakusaidii. Nguvu si kushika. Gurudumu lisiloshika ukiliongezea nguvu unaongeza kuteleza tu. Tena uwiano wa meno ukibadilishwa, propela shafti huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na spidi gavana inayohesabu mizunguko hiyo isiporekebishwa hudhani umefika kilomita 80 kwa saa kumbe hujafika. Dereva anayelipwa kwa tripu ajue kwamba tripu zake zimepungua kabla hajatoka getini, na jioni ataulizwa kwa nini alikuwa anatambaa.

Difu ya sahani, ile mafundi wanaiita LSD, ni nzuri kwa lami yenye maji na kwa barabara ya murramu. Lakini sahani zake huisha, na inataka oili yake maalum. Tukisema kweli, ni wangapi kati yetu walio na tajiri anayebadilisha oili ya difu kabla haijawa uji? Tena gurudumu moja likining’inia kabisa, sahani hizo haziwezi kulipa lile lingine nguvu ya kutosha kulitoa lori lililojaa. Zipo pia difu za kujifunga na kujifungua zenyewe. Hizo hushika vizuri, ila hufunguka kwa kishindo wakati dereva hatazamii, na juu ya utelezi, kwenye kona, lori laweza kusukumwa moja kwa moja. Hatuzikatazi. Tunasema tu kwamba zinamwondolea dereva uamuzi halafu zinamwachia lawama.

Ile ya kuchomelea spaida ndiyo tunayoikataa kabisa. Ni rahisi, ndiyo. Fundi huimaliza kwa nusu siku. Matopeni lori hutoka kama trekta, na tajiri hufurahi. Lakini lori hilo haliishi shimoni. Litarudi mjini kwa Barabara ya Waiyaki au Barabara ya Ngong, litakutana na kona na mizunguko, na zile mita 2.8 za kila kona hazina pa kwenda. Basi tairi husuguliwa mpaka nyuzi zionekane, hafu shafti hujipinda kila kona hata ichoke, na mvua ikinyesha sehemu ya mbele hukataa kugeuka. Unazungusha usukani, lori linakwenda lilikokuwa likienda. Mbele yake kuna watu wanaosubiri matatu. Nani atashitakiwa siku hiyo, fundi aliyechomelea au jina lililo katika leseni?

Kwa hiyo twarudi kwenye difu loku inayofungwa kwa hewa, yenye swichi mbele ya dereva na taa ya kumwonya. Na hapa, ndugu, jihadharini na hila moja. Malori yenye ekseli mbili za nyuma mara nyingi yana loku ya katikati, inayounganisha ekseli ya kwanza na ya pili. Tajiri hukuonyesha swichi hiyo na kusema, “Lori langu lina loku, wewe ndiye hujui kuendesha.” Loku hiyo haifungi gurudumu la kushoto na la kulia. Gurudumu moja la ekseli ya kwanza likiteleza na moja la ekseli ya pili likiteleza, lori limekwama, loku au si loku. Muulizeni: ni ya ekseli au ya magurudumu? Akikosa jibu, mwambieni aingie chini ya lori atazame.

Nitataja kisa kimoja, kwa kuwa nilikuwa katika foleni nyuma ya lori hilo. Lilikuwa likipanda kutoka shimo la ujenzi huko Lavington, limejaa udongo uliolowa. Gurudumu la kushoto likaanza kuzunguka bure. Msimamizi alisimama juu akipiga kelele, “Kanyaga!” Taniboi alikuwa nyuma na jiwe mkononi, tayari kuliweka chini ya tairi, kama mataniboi wote wafanyavyo. Tairi ikapata mwamba, tukasikia mlio kama bunduki, hafu shafti ikawa vipande viwili, na lori likaanza kurudi nyuma. Kijana aliruka, lakini mguu mmoja haukuruka naye. Mguu ule ulivunjika mahali pawili. Hakuwa na barua ya kazi, kwa hiyo aliambiwa hajulikani. Dereva alikatwa bei ya hafu shafti kwa miezi mitatu. Kampuni hiyo siitaji, maana ziko nyingi za namna hiyo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa imeharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kwa kusudi! Kukanyaga mafuta kwa amri ya msimamizi si kusudi la dereva. Karani wa mshahara atakuonyesha mahali sheria hiyo isemapo makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, naye atasoma kana kwamba ni ruhusa ya kukata theluthi mbili. Huo ni mpaka, si ruhusa. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri kuweka mitambo na namna za kazi zisizohatarisha watu, nayo inakutaka wewe utoe taarifa uonapo hatari. Toa taarifa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, kabla ya kushuka shimoni, kisha uutunze. Kuhusu taniboi, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ni ya 2007 pia. Kukosa barua si kukosa mguu.

Tumesikia maneno ya upande wa pili. Wanasema madereva hufunga difu na kusahau kuifungua, wakaingia nayo kwenye lami na kuivunja. Ni kweli wapo. Lakini tajiri aliyenunua mashine ya laki kadhaa bila kumfundisha mtu kwa dakika kumi, asishangae. Kazi yenyewe ni hii: simamisha lori au liache litambae, ondoa mguu kwenye mafuta, bonyeza swichi, ngojea taa iwake, kisha nenda pole pole kwa gia ya chini, moja kwa moja. Usifunge gurudumu likiwa linazunguka mbio, utavunja meno. Ukifika pakavu fungua. Taa ikikataa kuzimika rudi nyuma hatua chache, chuma kitalegea. Dereva wa chama asiyejua haya ajifunze kwa mwenzake wiki hii, ili tusiwape watu mdomo.

Wanasema pia kwamba kazi ya chama ni mishahara, si spana. Waliogoma katika mji huu Mei 1950, baada ya Fred Kubai na Makhan Singh kukamatwa, walikuwa wakidai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Hawakuzidai ili zirudi kwa tajiri kwa mlango wa nyuma zikiitwa bei ya vipuri. Makato ni mshahara. Difu mbovu ni mshahara.

Na lipo moja ambalo hata difu nzuri hailiponyi, nalo ni kujaza kupita kiasi. Sheria ya Afrika ya Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, na tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana. Udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu. Ndoo ya tingatinga haijui hivyo, inahesabu ndoo tu. Matajiri wengine watatuwekea difu loku kisha waongeze ndoo mbili juu, wakisema sasa gari lina nguvu. Tuikatae biashara hiyo mapema. Siku ya mvua ndoo zipunguzwe, na malipo ya tripu yabaki yale yale.

Haya ndiyo wajumbe wetu watakayoyapeleka mbele ya waajiri: difu loku ya magurudumu kwa kila lori la kazi za shimo, malori yenye spaida zilizochomelewa yasitoke getini mpaka yatengenezwe, makato ya vipuri yakomeshwe, na yaliyokwisha kukatwa yarudishwe, taniboi asiamriwe kusimama nyuma ya gurudumu lori likiwa linavuta.

Ili waende na ushahidi, kila mwenye karatasi ya mshahara yenye makato ya hafu shafti, krauni, tairi au difu aipeleke kwa katibu wa tawi lake pamoja na nakala moja. Asiye na karatasi, kwa kuwa hulipwa kwa simu, apeleke ujumbe wa malipo. Andikeni tarehe, mahali lori lilipokwama, na jina la aliyesema “kanyaga.” Mataniboi nao waje, wenye barua na wasio na barua.