Ukumbi Ukiuzwa, Harusi Isiuzwe Nao

Msimu wa harusi umekaribia. Agosti na Desemba, shule zinapofungwa, vijana wetu hurudi Kericho na Bomet kuoana mbele ya wazazi wao. Kwa sisi tulioko ughaibuni, maandalizi huanza miezi minane au kumi kabla. Koito, yaani kikao cha posa na mahari, imeshafanyika, wazee wameafikiana siku, na shangazi au mjomba ametumwa kutafuta mahali. Pesa zinaingia kwa simu, jibu linakuja kwamba ukumbi umepatikana, nasi tunaanza kutafuta tiketi za ndege. Katika shughuli zote hizo kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: siku ya harusi ikifika, ukumbi huo utakuwa mali ya nani?

Swali hilo lina uzito kwetu, kwa sababu katika nchi yetu ya chai mali zimebadilisha wenyewe mbele ya macho yetu. Unilever, iliyoichukua kampuni ya chai ya Brooke Bond mwaka 1984, ilitangaza Novemba 2021 kwamba inaiuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC Capital Partners, na mauzo yakakamilika Julai 2022. Mashamba yaliyojulikana kwa jina la Unilever yakaitwa ekaterra, kisha Lipton, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba yanauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Browns hao hao walikuwa wameshakubaliana mwaka 2023 kuyanunua mashamba ya James Finlay Kenya. Mashamba hayo yana mengi zaidi ya majani chai. Ndani yake mna nyumba, zahanati, viwanja vya mpira na klabu zenye nyasi zilizofyekwa vizuri. Mjini Kericho, Tea Hotel iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950 haimo tena mikononi mwa walioijenga.

Hatuwalaumu waliouza wala walionunua. Mwenye mali ana haki ya kuiuza. Tunachosema ni kwamba ikiwa mashamba makubwa kiasi hicho yanaweza kubadilisha mwenyewe mara mbili katika muda mfupi, basi hoteli ya ghorofa mbili kando ya barabara ya Litein au bustani ya kukodi karibu na mji wa Bomet inaweza kuuzwa kati ya siku tunayolipa na siku tunayokata keki.

Athari za mauzo hutegemea kilichouzwa. Hisa za kampuni inayomiliki ukumbi zikiuzwa, kampuni yenyewe inabaki ile ile, na mkataba wako nayo unaendelea hata kama wakurugenzi wote ni wageni. Ikiuzwa biashara peke yake, yaani jina, viti na wateja, Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, inasema mnunuzi hubeba madeni ya biashara hiyo, isipokuwa kama tangazo la uhamisho limechapishwa ipasavyo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida. Tangazo hilo likitoka nasi hatujalisoma, ulinzi huo tunaweza kuukosa. Ikiuzwa ardhi na jengo, hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Kukodi ukumbi kwa siku moja ni ruhusa ya kuingia tu, haikupi haki juu ya ardhi. Mmiliki mpya hafungwi na ruhusa hiyo mpaka mwenyewe akubali kuiheshimu.

Kuna pia mauzo ambayo hata mwenye ukumbi hakuyapenda. Mkopo wa benki ukimshinda, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki impe notisi ya miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada naye hutoa siku 45. Notisi hizo zikifuatana, jumla yake inakaribia miezi sita. Katika miezi hiyo yote milango ya ukumbi iko wazi, mapazia yanafuliwa, na malipo ya awali ya harusi yanaendelea kupokelewa. Mwenye kuzungumza nasi anaweza kuwa mtu mwema anayetumaini hadi dakika ya mwisho kwamba ataokoa mali yake.

Sasa tazama karatasi tunayobaki nayo. Mara nyingi ni risiti ya kitabu cha dukani, iliyojazwa kwa kalamu ya wino: jina la shangazi aliyepeleka pesa, kiasi, neno “harusi”, na muhuri wa hoteli uliopigwa upande. Haina tarehe ya sherehe. Haitaji kampuni inayomiliki jengo. Haisemi kiasi gani kitarudishwa mambo yakiharibika, wala bwana na bibi harusi ni akina nani. Jina lililo kwenye muhuri ni la biashara, nalo linaweza kuuzwa pamoja na sufuria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu kwa sasa ni kipande hicho cha karatasi.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumjue mwenye mali. Upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi huonyesha jina la mmiliki, na pia kama ardhi imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Ikiwa mmiliki ni kampuni, hati ya usajili iitwayo CR12 inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na huombwa kupitia eCitizen hata ukiwa Minnesota au London. Anayetia saini mkataba awe mmoja wao, au awe na barua yao ya kumpa mamlaka. Meneja mkarimu si mwenye hoteli.

Pili, mkataba uzungumzie mauzo waziwazi. Useme kwamba mwenye ukumbi akianza kuuza, au akipokea notisi ya benki, atatujulisha kwa maandishi ndani ya siku saba. Useme kwamba atahakikisha mnunuzi anaikubali sherehe yetu kwa maandishi kabla ya kukabidhiana. Asipofanya hivyo, arudishe pesa zote na alipe nyongeza ya gharama ya kuhamia kwingine. Sentensi hizo chache zinampa wakili wetu mahali pa kuanzia.

Tatu, pesa zitoke kwa awamu. Malipo ya awali yawe madogo, nusu ilipwe mwezi mmoja kabla, na salio wiki ya harusi baada ya mtu wetu kuuona ukumbi kwa macho yake. Wakati wa kulipa kwa M-Pesa, lisome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa ni la mtu binafsi wakati mkataba ni wa kampuni, simama na uulize. Dai likibaki chini ya shilingi milioni moja, linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Tunajua kuna wazee watakaosema kwamba kudai karatasi ni kumdharau mtu tunayemfahamu, mtoto wa jirani, muumini wa kanisa letu. Tunawaheshimu, na tunawaomba waikumbuke koito yenyewe. Haifanywi na watu wawili gizani. Pande mbili huketi, ng’ombe hutajwa mmoja mmoja, na mashahidi husikia, ili hata aliyeahidi akiwa hayupo, neno lake libaki. Mkataba wa ukumbi unataka kitu kile kile: ahadi isiyokufa pale aliyeitoa anapoondoka. Na mwenye ukumbi mwaminifu atanufaika nao, kwa sababu orodha ya sherehe zenye mikataba ni sehemu ya thamani anayomuuzia mnunuzi.

Kinachowekwa hatarini ni zaidi ya pesa. Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi huja alasiri, wakati hasa watu wanapotoka kanisani. Ukumbi ukikosekana wiki mbili kabla, hema za kutosha hazipatikani tena Agosti. Kadi zimeshachapishwa, basi la kutoka Longisa limeshalipiwa, wapishi wamepangwa kwa jiko ambalo halipo. Wanaoumia zaidi ni akina kogo, bibi zetu, waliovaa vizuri tangu alfajiri, na baba wa bibi harusi anayesimama mlangoni akiwaeleza wageni kitu ambacho hakukifanya yeye. Sisi tuliotuma pesa kutoka mbali tunarudi kazini. Yeye anabaki kijijini na aibu hiyo.

Kwa hiyo tunaitaka kamati ya jumuiya yetu ya ughaibuni ipitishe mambo mawili katika mkutano ujao. La kwanza, tuandae mkataba mmoja wa mfano, kwa Kiswahili na Kiingereza, uliopitiwa na wakili wa Kenya, na kila familia ipewe nakala bure. La pili, michango tunayokusanya kwa ajili ya harusi isitumwe kulipia ukumbi mpaka mweka hazina aone matokeo ya upekuzi wa ardhi na mkataba uliotiwa saini na mwenye mali. Sharti hilo liwe kwa wote, mwenye jina na asiye na jina, ili asiwepo wa kuhisi ameshukiwa.

Waliokwisha kulipia ukumbi kwa Desemba hii hawajachelewa. Piga simu nyumbani wiki hii, uliza mwenye mali ni nani, na umwombe aandike na kutia saini yale mliyokubaliana kwa mdomo. Akikubali, mtakuwa mmepata ukumbi. Akikataa, bado mtakuwa na muda wa kutafuta mwingine.