Joto la Mchana, Radi ya Alasiri

Gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hatuwezi kuwaambia kama kesho mvua itanyesha Handeni au Korogwe. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo kila siku hutoa utabiri wa saa 24 zijazo. Mwezi huu tungependa tuzungumze namna ya kuupokea utabiri huo nyumbani. Wengi wetu huusikia redioni huku tukisonga ugali, kisha tunalala bila kubadili lolote katika mipango ya kesho.

Tuanze na joto. Katika wilaya zetu hizi mbili jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba likielekea kusini, na wiki ya kwanza ya Machi likirudi kaskazini. Nyakati hizo ndizo zinazotufungulia vuli na masika. Ardhi ikichomwa na jua tangu asubuhi, hewa ya moto hupanda. Ikiwa imebeba unyevu wa Bahari ya Hindi, huko juu hugeuka mawingu marefu, na milima ya Usambara huisukuma juu zaidi. Ndiyo maana baada ya mchana wa joto la kunata tunasikia ngurumo saa tisa au saa kumi alasiri.

Sasa tusikilize maneno ya utabiri. Ukisikia kwamba mkoa wa Tanga utakuwa na mvua na ngurumo katika maeneo machache, usiseme, "Hayo ni ya wengine." Maana yake ni kwamba sehemu ndogo ya mkoa itapata mvua, wala si kwamba mvua yenyewe itakuwa ndogo. Mkoa wetu una pwani, una milima, una na nyika. Mvua ikinyesha Usambara, maji hushuka kwa mto Lwengera hadi Korogwe, hata kama mbingu ya Korogwe ni nyeupe. Vivyo hivyo korongo la Handeni ulilovuka asubuhi likiwa kavu laweza kujaa jioni kwa mvua ambayo hukuiona.

Hatujasahau Oktoba 2019. Mwaka huo upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na vuli ikaja kwa nguvu. Mafuriko yaliingia Handeni na Korogwe, barabara kati ya miji hiyo miwili ikakatika, na watu wakapoteza maisha.

Basi, mama, utabiri ukitaja joto na ngurumo, panga siku yako hivi. Shamba, kuni na maji viwe vya asubuhi. Mahindi yaliyoanikwa yaanuliwe kabla ya saa nane. Mama mjamzito apumzike kivulini wakati wa jua kali. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Aliyevuka miezi sita apewe na maji safi ya kunywa.

Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Zisipofika 30, radi imekaribia: acha jembe, ingia ndani ya nyumba, ukae humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mwembe, hata kama nguo zitalowa. Nguo hukauka.

Ukisikia neno "angalizo", "tahadhari" au "tahadhari kubwa", ujue kila moja ni zito kuliko lililotangulia. Waambie na majirani wasio na redio wala simu.

La mwisho ni la watoto wetu wanaovuka makorongo kwenda shule. Mara nyingi mtoto huyaona maji, akayaogopa, lakini akavuka kwa sababu anaogopa zaidi fimbo ya kuchelewa nyumbani. Tuzungumze nao leo, baba naye akiwepo. Tuwaambie: ukikuta maji yanapita, usivuke. Rudi shuleni, au ingia nyumba ya karibu, hata ukilala huko. Tuwataje kwa majina majirani watakaowapokea, nasi tuahidi kuwapokea watoto wa wenzetu. Na siku mtoto akirudi kesho yake asubuhi, akiwa mzima, asipigwe wala asifokewe. Apewe uji wa moto, tumshukuru Mungu.